Kumsindikiza Semeni

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu baada ya yale ya Semeni, watu wa mtaani kwetu walianza kuniita shujaa. Shujaa hakai kitini magoti yakigongana. Mimi nilikaa hivyo kila Jumamosi.

"Skola, legeza mabega," aliniambia Nesi Kunambi siku hiyo, huku akinivalisha kofia. Kofia yenyewe ni wavu wa nyaya nyembamba, na ina ubaridi wa samaki aliyetoka kwenye barafu. "Ukijikaza nyaya hazishiki."

"Nimelegeza."

"Umelegeza wapi? Hebu ona hizo ngumi."

Nikafumbua ngumi. Nesi Kunambi ni mama mnene mwenye sauti ya upole. Amewafunga watu kofia tangu kituo kilipofunguliwa hapa Morogoro, na alizoea kuongea nasi kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

Kitandani pembeni yangu alilala mwanamke wa rika langu, kichwa kimenyolewa, bomba puani. Aliitwa Semeni. Sikumjua, wala yeye hakunijua, na ndiyo sababu nilikuwa pale. Mshipa ulikuwa umempasuka kichwani akiwa anapepeta mchele, na sasa siafu walikuwa ndani wanashona. Siafu ndilo jina tulilovipa vile vijimashine vinavyopita kwenye damu kwa msururu. Madaktari wana jina lao refu. Siafu wanashona vizuri, lakini wana sharti moja: ubongo lazima uwe unafanya kazi wakati unashonwa, kama redio inayotengenezwa ikiwa imewashwa ili fundi asikie kasoro iko wapi. Ukizimika katikati, hauwaki tena.

Na peke yake ubongo unazimika. Walijaribu muziki, wakajaribu sauti za kurekodi, wakajaribu hata mashine inayoongea kama mtu. Ubongo unajua. Unataka mtu mwingine aliye hai awe nao humo ndani. Wakajaribu ndugu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana ndugu hamwachii ndugu. Mama mmoja aliunganishwa na mwanawe, wakaenda wote wawili. Tangu hapo ndugu wanakaa barazani wakisali, na kitini anakaa mtu baki aliyejitolea mchana wake.

Mimi nilianza kwa sababu padri alitangaza kwamba kituo kinatafuta watu wa kujitolea, akauliza nani yuko tayari, na siku hiyo nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Ndivyo Mungu alivyoniita. Siku nyingine zote nauza ndizi sokoni.

"Kengele ipo?" nikauliza. Niliuliza kila mara.

"Ipo, utaisikia. Ikilia unamuaga, unageuka, unarudi. Kichwa chako kikikaa mle kupita kiasi kitachanganyika na chake, na mimi siwezi kukuvua kofia kwa nguvu, nitakuvunja. Kwa hiyo unarudi mwenyewe. Humsubiri akuruhusu. Mgonjwa hatakuambia urudi hata siku moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hebu sema."

"Simsubiri aniruhusu."

Sote wawili tulitupia jicho pazia la kijani kule kona. Nyuma yake alilala Bwana Mbena, fundi baiskeli, msindikizaji kama mimi. Kengele ilimlilia, na yeye, mtu mwenye adabu zake, akaona haya kumwacha mgeni njiani kabla mgeni hajasema basi, rudi, umenisindikiza vya kutosha. Wengine wanapoteza watu kwa hitilafu ya mitambo. Sisi Mbena tulimpoteza kwa adabu. Mwili wake ulikuwa unapumua na kupokea uji kwa bomba, na mkewe alikuja kumkata kucha.

"Yusta wangu yuko wapi?"

"Yuko barazani anafanya hesabu zake. Nimempa karanga."

Yusta ni binti yangu, na tulikuwa wawili tu nyumbani. Nikafumba macho.

*

Karibu wagonjwa wote wanaota kitu kimoja: wanaondoka nyumbani kwa mtu baada ya kumtembelea. Hakuna anayejua kwa nini. Ndiyo maana walipotutafutia jina hawakuhangaika, wakatuita wasindikizaji.

Semeni alikuwa anatoka nyumbani kwangu. Haikuwa nyumba yangu. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye mlango wa bluu, huko kwao Kilombero, na mbele yake ilipita njia nyembamba kati ya majaruba ya mpunga. Lakini kwa Semeni mwenyeji nilikuwa mimi.

"Dada, nimekaa mno," alisema, akijifunga kanga upya. "Kazi zako nimezilaza."

"Kazi zinaisha? Twende nikusogeze."

Tukaondoka. Aliongea mwanamke yule! Alinieleza habari za mwanawe Mashaka mwenye kigugumizi, ambaye akiimba kigugumizi kinakimbia. Akanieleza mumewe alivyonunua pikipiki kabla hajajua kuendesha, na jirani aliyeazima chungu kikubwa akarudisha kidogo, tena akaapa ni kile kile. Nilicheka kweli, na katikati ya kucheka hofu ilikuwa imenikalia shingoni, kwa sababu njia ile ina mwisho, na msindikizaji anayefika huko harudi. Kule mbele mpunga ulikuwa umepauka. Ndege walikuwa wamenyamaza. Na mbali kabisa hapakuwa na kitu, si giza wala ukungu, ni vile jicho linavyoishia pembeni. Tulifundishwa tusipatazame. Mimi nilipatazama kila safari, maana ninachokiogopa siwezi kukipa mgongo.

Kengele ikalia.

Nikashusha pumzi. "Haya, mwenzangu, mimi naishia hapa..."

"Skola."

Ilikuwa sauti ya Kunambi. Sikuwahi kuisikia mle ndani. Hairuhusiwi, inaweza kumvuruga mgonjwa. Semeni hakuisikia. Aliendelea na chungu chake.

"Skola, siafu wamekwama kwenye damu iliyoganda. Bado hawajamaliza. Msindikizaji mwingine hayupo, nimepiga simu kote. Ukirudi sasa hivi atazimika. Ukibaki, unajua mwenyewe. Sikulazimishi, mama. Nimeona tu siwezi kukuficha."

Kengele ikaendelea kulia.

Nilimchukia. Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyomchukia Kunambi wakati ule. Angefunga mdomo wake, ningegeuka na kengele yangu, nikamchukua Yusta tukaenda nyumbani, na habari ya Semeni ningeambiwa Jumamosi nyingine kwa sauti ya pole. Sasa alikuwa amenikabidhi mtu mkononi. Ukijitolea muda wako unajua unachotoa: ni mchana wako, ni mauzo yako ya siku, ni mgongo wako kuuma. Hakuna aliyeniambia kwamba iko siku nitatakiwa kutoa na muda wa Yusta.

Nikamfikiria barazani, na karanga zake. Nani angemsuka nywele? Dada yangu wa Kilosa ana kundi lake la watoto na hana subira hata na hao. Nikamfikiria na mke wa Mbena akishika mkono wa mumewe na wembe. Nikasimama.

Semeni naye akasimama. Akanitazama usoni, na sijui aliona nini. Akatabasamu, akanishika mkono.

"Rudi, dada," akasema. "Umenisindikiza vya kutosha. Mwanao atakuwa anakusubiri."

Walituambia kwenye mafunzo kwamba hawasemi. Kunambi alisema hawasemi. Huyu akasema, kwa uungwana wake tu, bila kujua anatoa nini. Na mimi nikapokea. Nilimwambia asante, nikamwambia awasalimie watoto, nikageuka nikaenda upesi upesi kuelekea mlango wa bluu.

Nyuma yangu nilizisikia ndala zake zikipiga chini. Halafu zikanyamaza.

Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono inaning'inia, anautazama mpunga kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Kanga yake ilikuwa imeanza kupoteza rangi.

"Semeni!"

Hakugeuka.

"Wewe Semeni, ndiyo tabia gani hiyo? Mimi nimekusogeza wewe mpaka huku, na wewe usinisogeze hata kidogo?"

Sikuwa nimepanga. Ni maneno ambayo kila mwanamke wa kwetu ameshamwambia shoga yake, tunavyosindikizana mpaka kwa huyu, tukageuka mpaka kwa yule, huku nyumbani maharage yanaungua. Kilichonijia ni kwamba siafu wanataka Semeni atembee, maana akisimama ndipo ubongo wake unapozimika, na hakuna aliyewahi kusema atembee kuelekea wapi.

Semeni akashtuka. Akacheka kwa aibu, na wekundu wa kanga ukamrudia.

"Kweli, dada, nimekosa. Ngoja nikusogeze."

Akaja. Tukatembea kuelekea mlangoni, na jinsi tulivyoupa mgongo ule mwisho ndivyo pumzi zangu zilivyorudi. Tulipofika kengele ilikuwa inalia bila kukoma. Nilishika komeo nikasubiri Kunambi aniambie siafu wamemaliza. Hakusema kitu.

"Haya, dada, mimi naenda," alisema Semeni, akageuka peke yake.

Nilijua nikivuta komeo nitaamka. Nilikuwa nataka kuamka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikaliachia.

"Ngoja nikusogeze," nikasema.

Sikumbuki tulikwenda na kurudi mara ngapi. Nakumbuka nilivyoanza kuchakaa. Safari moja nilitaka kumsimulia habari za mwanangu, nikajikuta nasimulia habari za Mashaka. Safari nyingine niliuona mlango wa bluu nikakumbuka siku tulipoupaka rangi, na mimi sijapaka mlango wowote tangu nizaliwe. Hofu nayo ikabadilika. Mwanzoni niliogopa kufa. Baadaye nilijua tu kwamba kuna kitu natakiwa nikiogope, kuna mtu nitampoteza, na simjui ni nani. Simwombei mtu hali ile, hata adui.

Kisha nikasikia mwanamke analia na kucheka huku akiita Skola, Skola, imetosha, rudi. Ilibidi nifikiri kwanza huyo Skola ni nani.

*

Semeni alipona. Mimi nilifumbua macho nikamwona Kunambi anajifuta kamasi kwa mkono wa gauni lake la kazi, na mlango ukafunguliwa, na msichana mwenye daftari akanirukia shingoni.

"Mama!"

Nikaitoa mikono yake taratibu. "Wewe mtoto wa nani?" nikamuuliza.

Alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

Nilimkumbuka kesho yake, jikoni, alipoinama kupuliza moto. Alinirudia kwa mpigo nikakaa chini kwenye majivu, nikamshika nikalia. Lakini kumbukumbu zake hazikurudi zote. Siku niliyomzaa haikurudi. Dada yangu alinisimulia, nikamsikiliza kama anasimulia ya jirani. Ya kuzaliwa kwa Mashaka ninayo, pamoja na mvua iliyonyesha.

Wakubwa wa kituo walikuja na kompyuta zao wakasoma yote yaliyopita kichwani mwangu, wakafurahi sana. Kumbe mgonjwa anaweza kwenda na kurudi! Basi msindikizaji hana haja ya kutoka mapema, abaki naye mpaka siafu wamalize. Wakatengeneza utaratibu mpya, wakaziondoa kengele, na mimi wakanipa kitenge na soda. Nilichofanya kwa kuogopa, tena nikiwa na ruhusa ya kuondoka, wao walikifanya kazi ya kila mtu. Sikwenda tena kituoni.

Mpaka Kunambi aliponipigia simu. "Sikuiti kukaa kitini," alisema. "Njoo uongee tu na mtu. Kuna Mwalimu Kilasi, amestaafu, ndiyo mara yake ya kwanza. Anatetemeka. Mwambie ulirudi salama."

Nilikwenda na Yusta. Tangu siku ile hakukubali nitoke peke yangu hata kwenda bombani.

Mwalimu Kilasi alikuwa ameshavalishwa kofia. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kola. Kitandani alilala kijana aliyeitwa Ditriki, ameanguka kutoka juu ya paa akiezeka, na mlangoni alisimama mama yake, mwanamke wa milimani mwenye kandambili zilizochoka. Siafu walikuwa wameshaingia.

"Ndiye shujaa mwenyewe huyu?" Mwalimu akasema, akijaribu kucheka. Midomo ilikuwa imemkauka. "Niambie mama. Inatisha?"

Kunambi akanitazama. Neno moja tu lilitakiwa. Haitishi. Kijana angepona, labda, na Mwalimu angejua mwenyewe huko ndani kitakachomtoka, na mimi ningekuwa nimeshafika nyumbani. Nilimwona yule mama anavyoniangalia mdomo, akisubiri niseme.

"Inatisha, mwalimu," nikasema. "Nilirudi nikiwa nimemsahau huyu." Nikamshika Yusta bega. "Siku niliyomzaa mpaka leo sina. Na kengele wameiondoa. Ukitaka kutoka, hakuna wa kukuambia sasa ndiyo wakati. Wamekueleza?"

"Hawakunieleza."

"Skola," Kunambi akasema kwa sauti ya chini.

"Nimfiche? Wewe mimi hukunificha."

Mwalimu alivua kofia mwenyewe, akaiweka kitini kwa uangalifu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Mke wangu amepofuka," akasema. "Mimi ndiye ninayemwongoza. Nikimsahau, ataongozwa na nani?" Akamgeukia yule mama. "Nisamehe, mzazi mwenzangu." Akatoka akishika ukuta.

Mama wa Ditriki hakupiga kelele. Kunambi alieleza kwamba siafu hawawezi kurudishwa nje, na kwamba kijana ana kitambo kidogo tu kabla ya kuzimika. Kisha kila mtu akakitazama kiti, na baada ya kiti wakanitazama mimi.

"Mama," Yusta akasema, "twende nyumbani."

Nilitaka kusema maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache. "Naogopa, mama," nikamwambia yule mwanamke. "Siwezi."

Akatikisa kichwa. "Najua, mwanangu. Hata mimi ningekuwa na binti mdogo hivi ningekataa."

Kisha akachukua mkoba wangu, akatutoa. Mwanawe anazimika kitandani, na yeye anatusindikiza sisi mpaka getini, mkono mmoja mgongoni mwa Yusta, anamuuliza yuko darasa la ngapi na kama hesabu zinamsumbua. Nilitaka kumpigia kelele anyamaze. Getini akanirudishia mkoba. "Haya, mfike salama. Asanteni kwa kuja." Akageuka. Kandambili moja ikamtoka, akarudi hatua kuivaa, akaenda.

Yusta alinivuta mkono. Sikusogea. Magoti yalikuwa yanagongana hata nikashika nguzo ya geti.

"Usirudi," akasema. Alinisoma mapema kuliko nilivyojisoma mimi. "Mama, usirudi, utanisahau tena."

"Niambie jina lako."

"Mama!"

"Niambie."

"Yusta."

"Lote."

"Yusta Kobelo." Alikuwa analia kwa sauti. "Mtoto wa Skolastika Kobelo."

"Tena."

Akalitaja tena. Nilipofika wodini na kukaa kitini, Kunambi akinifunga nyaya bila kuniambia nilegeze mabega, nilikuwa bado namsikia kule getini, akilitaja na kulitaja kwa sauti yote aliyokuwa nayo.